Kabla Hujaikataa Chanjo ya Kunywa

Trela likisimama kwenye foleni ya Malaba, taniboi hushuka na mtungi kutafuta maji, dereva hutafuta chai, na mazungumzo huendelea pale yalipoachwa safari iliyopita. Kuna kibanda kimoja cha chai kando ya barabara ambacho nimekaa mara nyingi. Tangu serikali ilipotoa chanjo ya kipindupindu ya kunywa Nairobi, Garissa, Wajir na Tana River mwaka 2023, habari za chanjo hiyo hazikauki pale. Nimezisikia pia Busia mjini, kwa akina mama wanaoleta omena kutoka Sio Port, na kwa vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria mbele ya geti la mpaka. Maneno ni yale yale. Nimeyaandika jinsi yanavyosemwa, nami nayajibu, kwa sababu mtu wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Macho yanadidimia, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama kama kitambaa, sauti inakauka. Kitandani anakolazwa wamekata tundu, na chini ya tundu kuna ndoo yenye alama za lita, muuguzi ajue ni kiasi gani cha kumrudishia. Aliyeona ndoo ile ikijaa hawezi kukaa kimya neno la uongo likipita mezani.

"Wanatufanya panya wa maabara."

Hili ndilo neno kubwa. Anayelisema ana picha kichwani: chupa imetoka ng'ambo, haijaonjwa na mtu yeyote, nasi ndio tunaoonjeshwa kwanza.

Mambo hayakwenda hivyo. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Maryland, kule Baltimore, kiliwapa Wamarekani wazima waliojitolea vijidudu hai vya kipindupindu wavinywe. Walikunywa ugonjwa wenyewe. Walikaa wodini, wakaharisha, wakarudishiwa maji mwilini, na madaktari wakapima mwili hujikinga vipi. Mwaka 1985 chanjo za kunywa zilizotengenezwa na Waswidi zikapimwa Matlab, Bangladesh, kwa wanawake na watoto zaidi ya 60,000. Mwaka 2006 ikaja zamu ya Kolkata, India, ambako karibu watu 67,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakanywa chanjo, wengine kinywaji kinachofanana nayo kisicho na chanjo ndani. Walifuatiliwa miaka 5, na waliochanjwa walikingwa kwa asilimia 65. Chanjo ya jamii hiyo ilipofika Nairobi mwaka 2023, ilikuwa imekwisha kunywewa na mamilioni ya watu, wakiwemo jirani zetu wa Hoima, Uganda, mwaka 2018, wakati wakimbizi waliovuka Ziwa Albert kutoka Kongo walipofika wakiwa wanaumwa.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wanaotetea chanjo huishia hapo. Mimi naona jibu hilo ni nusu. Dereva mmoja aliniambia, "Basi wamalizie majaribio yao huko huko, ndipo watuletee." Hapo ndipo penye hatari yenyewe, na ndilo jambo lililonifanya niandike.

Chanjo nyingi za sindano huingia kwenye msuli. Ya kunywa hupita tumboni, na matumbo yetu hayafanani. Kulikuwa na chanjo moja ya kunywa ya kipindupindu, ya vijidudu hai vilivyodhoofishwa, iliyotengenezwa na watu wale wale wa Maryland. Kwa Wamarekani waliojitolea ilifanya kazi vizuri sana, tena kwa dozi moja. Katika miaka ya 1990 ikapelekwa Jakarta Kaskazini, Indonesia, ikapimwa kwa watu zaidi ya 67,000. Kinga iliyoonekana ilikuwa ndogo mno, asilimia 14 hivi, kiasi ambacho hakiwezi kutofautishwa na bahati tu. Fikiria kama Indonesia ingeletewa chanjo ile bila kupimwa pale. Watu wangekunywa, wangeamini wamekingwa, wangelegeza mkono kwenye maji, kisha wangezikana.

Mfano wa karibu zaidi ni matone ya rota wanayopewa watoto wetu kliniki. Rota ni kirusi, si bakteria, lakini njia ni ile ile ya mdomo. Ulaya na Marekani chanjo moja ya rota iliwakinga karibu watoto wote dhidi ya kuhara kukali. Ilipopimwa Ghana, Mali na hapa Kenya, katika vijiji vya Siaya, kinga ilikuwa asilimia 64 mwaka wa kwanza, na kwa muda wote wa karibu miaka miwili ikashuka hadi 39. Mtu anaweza kusema basi ni chanjo mbovu. Lakini kwa kuwa watoto wanaougua rota huku ni wengi mno, hata kinga hiyo huokoa wengi, na Kenya ikaingiza chanjo ya rota, ya aina nyingine, kwenye chanjo za kawaida Julai 2014 ikiwa na hesabu ya kukadiria itakachopata. Hesabu hiyo ilitolewa na watoto wa Siaya. Isingeweza kutolewa na wa Finland.

Kwa nini matumbo yanatofautiana? Watafiti wanataja utapiamlo, kinga inayopita kwenye maziwa ya mama, vijidudu vingine vilivyojaa utumbo mapema, na minyoo. Hili la minyoo linatuhusu hasa. Kule Ecuador, watoto wenye minyoo walipewa kwanza dawa ya minyoo, kisha chanjo ile ile iliyoshindwa Jakarta, na miili yao ikaitika vizuri kuliko ya wenzao ambao hawakupewa dawa. Na ni wapi duniani dawa ya minyoo ilipimwa shuleni ikaandikwa vitabuni? Ni hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za kusini mwa Busia, Funyula na Budalang'i, ziliingizwa kwenye utafiti wa wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer. Matokeo yale yalisaidia kuzaa mpango wa taifa wa dawa za minyoo shuleni ulioanza mwaka 2009. Mtoto wa Mombasa anayemeza kidonge kile leo anakimeza kwa sababu mtoto wa Samia alikimeza kwanza huku mtu akiandika.

Hata hivyo chuki hii dhidi ya utafiti haikutoka hewani. Nilipokuwa mdogo, watu wa utafiti fulani walifika kijijini kwetu na vikopo vya plastiki. Walichukua kinyesi chetu, wakatuchoma vidole, wakaandika majina. Nyanya yangu aliwapikia chai. Hawakurudi kamwe, wala hatukuambiwa walichoona kwenye vile vikopo. Hadi anakufa, nyanya alikuwa akiuliza, "Wale watu wetu waliona nini?" Kosa kubwa la utafiti katika nchi hii liko hapo kwenye kuondoka na majibu, na kila anayeondoka hivyo humwachia anayekuja baadaye neno hili la panya. Kwa hiyo mtu akija kwako na fomu ya ridhaa, muulize nani ameidhinisha, kama Bodi ya Famasia na Sumu inajua, nani atamtibu mtoto akiugua katikati ya utafiti, na majibu yatasomwa lini, wapi na kwa lugha gani. Akishindwa kujibu, usitie sahihi. Hiyo ni haki yako, na unaweza kuitumia bila kumwita kila mtafiti muuaji.

"Ni kipindupindu chenyewe wanakunywesha."

Fupi tu. Chanjo inayotumika kwenye kampeni za Afrika ina vijidudu vilivyouawa. Kijidudu kilichokufa hakizaani. Kazi yake ni kuuonyesha mwili sura ya adui. Dozi ni mililita 1.5 katika kijibomba kidogo cha plastiki. Unavunja kichwa, unammiminia mtu mdomoni, anakunja uso kwa ladha, basi. Wapo wanaosikia tumbo likiunguruma au kichefuchefu siku hiyo. Hakuna anayepata kipindupindu kwa kuinywa.

"Imetiwa dawa ya kuzuia uzazi."

Neno hili namjibu mtu kwa upole, maana najua lilikotoka. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wakidai imetiwa homoni, na mwaka uliofuata wakataka watu wasusie kampeni ya polio. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Mama aliyesikia hayo kanisani akiwa na mimba hawezi kulaumiwa kwa kuogopa.

Lakini kuhusu chanjo ya kunywa ya kipindupindu tuna ushahidi, tena wa Waswahili wenzetu. Mapema mwaka 2009, Zanzibar ilichanja watu katika shehia za Unguja na Pemba zilizokuwa zikisumbuliwa sana na ugonjwa. Wajawazito hawakutakiwa kupewa. Hata hivyo wapo waliokunywa bila kujua kwamba wana mimba, au bila kusema. Watafiti waliwafuata baadaye, wakalinganisha mimba zao na za wanawake ambao hawakunywa, na hawakuona dhara lililoletwa na chanjo. Wanawake wale walikunywa, mimba zikakua, wakazaa kama wenzao ambao hawakunywa. Sijui ni ushahidi gani mwingine unaoweza kumjibu mtu kwa uwazi kuliko huo.

"Tunataka maji na vyoo, hatutaki chanjo."

Anayesema hivi sina ugomvi naye. Nina ugomvi na neno moja tu katika sentensi yake, lile "hatutaki", linalofanya vitu viwili vinavyosaidiana vionekane maadui.

Maji ni kweli. Busia imeonyesha dunia jambo hilo pia. Kremer huyo huyo na wenzake walichukua karibu chemchemi 200 za huku magharibi, wakazijengea saruji na bomba la kutolea maji ili mifugo na matope visiingie, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa karibu robo. Vile visanduku vya klorini vinavyosimama kwenye mti kando ya chemchemi, ambavyo ukizungusha kitufe dawa hudondoka kwenye mtungi, vilikua kutokana na kazi ya huku huku. Ukipita Nambale au Butula asubuhi utaona mtoto akikizungusha kabla ya kuweka mtungi kinywani mwa bomba, kwa mazoea, bila kuambiwa na mtu.

Lakini robo ni robo. Na utafiti mkubwa zaidi uliofanywa jirani, Bungoma, Kakamega na Vihiga, ukatoa majibu mwaka 2018 yaliyowaumiza wengi waliokuwa wametumainia: familia zilipewa klorini, vyoo vilivyoboreshwa na vifaa vya kunawia, na baada ya miaka 2 watoto wao hawakuharisha kidogo kuliko wengine. Mimi nasoma humo kwamba kisanduku na kibuyu cha kunawia havitoshi, kwamba tunachodaiwa ni mabomba yenye maji safi hadi uani na mifereji ya kubeba uchafu. Hilo linahitaji bajeti za miaka kumi na zaidi. Mvua za mafuriko ya Nzoia kule Budalang'i hazisubiri bajeti. Vyoo vya shimo vinafurika, visima vinaingia maji ya nje, na ndani ya wiki moja kituo cha afya kimejaa. Dozi mbili za chanjo hukinga mtu mzima kwa angalau miaka 3. Ni daraja la mbao la kuvukia wakati la saruji linajengwa, na kiongozi anayegawa chanjo ili asiulizwe habari za mabomba anastahili kuulizwa zaidi. Zanzibar ilichanja mwaka 2009, na kipindupindu kikarudi kwa nguvu mwaka 2015.

"Mpaka uko wazi. Ukichanja Busia yetu, Busia yao itatuletea."

Huu ni wasiwasi wa mtu anayeijua Busia. Miji miwili jina moja, Malaba mbili vile vile zenye mto katikati, na njia za panya zisizohesabika. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu kutoka mpaka hadi mpaka. Bakteria naye hupanda bodaboda: yumo katika omena iliyooshwa kwa maji machafu, katika mikono ya dereva aliyelala foleni siku mbili bila choo, katika juisi ya mifuko inayouzwa madirishani mwa malori. Kenya imekuwa na ugonjwa huu tangu mwaka 1971, na Uganda wilaya za mipakani na za kandokando ya maziwa ndizo zinazoumia mara kwa mara.

Lakini haifuati kwamba kuchanja upande mmoja ni kazi bure. Rudi Zanzibar, visiwa vinavyopokea mashua na meli kila siku. Waliokunywa dozi zote mbili walikingwa kwa asilimia 79. Walichokiona pia watafiti, Ahmed Khatib na wenzake, ni kwamba hata wasiokunywa kabisa, waliokuwa wakiishi katikati ya majirani wengi waliokunywa, waliugua kwa nadra sana kuliko wasiochanjwa wa mitaa yenye wachanjwa wachache. Ugonjwa unapoingia mtaa wa namna hiyo haupati watu wa kurukia. Beira, Msumbiji, mji wa bandari wenye malori kama wetu na wenye watu wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi, chanjo ya kunywa ya Waswidi ilipimwa katika mtaa wa Esturro mwaka 2003 na 2004, nayo ikawakinga watu kwa asilimia 78.

Bora zaidi, bila shaka, ni pande mbili kuchanja wiki moja, na dereva aliyekunywa dozi ya kwanza Malaba apate kadi itakayotambuliwa Tororo, Kampala au Juba, maana baada ya wiki mbili, wakati wa dozi ya pili, hatakuwa tena hapa. Hapo wizara za afya za nchi mbili zina kazi ya kufanya, na kituo cha pamoja cha mpaka kilichofunguliwa Busia mwaka 2018 kinaonyesha kwamba nchi hizo zikitaka huweza kukaa meza moja.

"Wametupa dozi moja badala ya mbili kwa sababu sisi ni maskini."

Hapa anayelalamika ana hoja kuliko anavyodhani. Oktoba 2022, akiba ya chanjo ya dunia ilipopungua huku nchi nyingi zikipigwa kwa pamoja, walinzi wa akiba hiyo waliamua nchi zenye mlipuko zipewe dozi moja tu kwa mtu badala ya mbili. Mtengenezaji mmoja wa India alikuwa anajiondoa, akabaki hasa mmoja, EuBiologics wa Korea Kusini. Kampuni nyingi hazikuona faida ya kutengeneza dawa ya ugonjwa wa wasio na vyoo. Kwa hiyo umaskini umo, tena sana.

Dozi moja si bure. Ilipimwa Dhaka kwa watu zaidi ya 200,000 mwaka 2014, ikazuia zaidi ya nusu ya kipindupindu kikali kwa miezi 6 ya kwanza. Wakati wa mlipuko, kuwapa watu wawili nusu kinga kunaokoa wengi kuliko kumpa mmoja kamili. Lakini jaribio lile lile lilionyesha kwamba watoto chini ya miaka 5 hawakukingwa na dozi moja. Hilo ndilo la kudai, kwa sauti: dozi ya pili kwa watoto wadogo, na viwanda vya kutengeneza chanjo barani Afrika. Biovac ya Cape Town ilisaini mwaka 2022 mkataba na taasisi ya chanjo ya Seoul ya kuhamishiwa ujuzi wa kuitengeneza. Kususia dozi iliyopo hakumletei mtoto ile isiyopo.

"Nilichanjwa na bado tumbo liliniendesha. Haifanyi kazi."

Aliyesema hivi ni mama wa chai mwenyewe, ambaye alichanjwa akiwa kwa dadake Nairobi. Nilimwambia tumbo la kuendesha halina baba mmoja. Chanjo ile inamjua kipindupindu tu. Kati ya 2007 na 2011, utafiti mkubwa uliofuatilia watoto zaidi ya 22,000 katika nchi 7, Siaya ikiwa mojawapo ya vituo, ulitafuta ni vijidudu gani hasa vinavyowaharisha watoto vibaya. Majina yaliyojitokeza juu yalikuwa rota, vimelea vya kriptosporidiamu, na bakteria wawili: aina ya E. koli inayotoa sumu utumbo ukatiririka, na Shigela, anayeleta kuhara damu. Dhidi ya hao bakteria wawili, mtoto wa Malaba bado hana chanjo kwenye friji ya kliniki.

Ya E. koli iko njiani. Inaitwa ETVAX, imetoka Sweden, ni ya kunywa. Imepimwa kwa watoto wa Bangladesh na Zambia, kisha ikapelekwa Gambia kwa maelfu ya watoto wa miezi 6 hadi 18. Nilimweleza mama wa chai hayo yote huku akimiminia watu vikombe. Nikamwambia pia kwamba hata ikifaulu Gambia, kuna watakaosema haina haja ya kupimwa magharibi mwa Kenya, na wengine watakaosema isipimwe kwetu kwa sababu sisi si panya. Na kwamba pande zote mbili zitakuwa zimemnyima mwanawe jibu. Alupe, humu humu Kaunti ya Busia, kuna kituo cha KEMRI kinachochunguza maradhi ya kuambukiza. Kazi hiyo inaweza kufanywa na watu wanaozungumza Kiteso, Kisamia na Kiluo.

Aliweka birika chini. Akaniuliza watachukua nini kwa mtoto. Nikamjibu, damu kidogo na kinyesi, mara kadhaa, kwa mwaka mmoja au miwili.

"Na majibu," akasema, "wataniletea hapa kibandani, ama nitayasikia kwa redio?"

Nimeliandika swali lake jinsi lilivyo, na nalipeleka Alupe.